Kipimo cha Goti

Alhamisi saa kumi jioni, Mchungaji alianguka kutoka kwenye kibao cha kupigia magoti. Hakuumia. Ila alianguka vibaya kwa mtu wa cheo chake, miguu juu na miwani kule, katikati ya kanisa jipya lililokuwa bado linanuka rangi, mbele ya kamati nzima ya ujenzi na mbele ya fundi mwenyewe aliyekitengeneza kibao hicho. Wazee wawili walimwinua, mmoja akampangusa vumbi mgongoni.

"Fundi," Katibu wa kamati akasema hatimaye, "hiki ni kibao cha kupigia magoti au cha kupandia punda?"

Fundi hakucheka. Watu walimwita Fundi Futi kwa sababu ya futi ya chuma iliyoning'inia kiunoni mwake tangu asubuhi hadi anapokwenda kulala. Akaichomoa, akapima kibao chake mbele ya macho yao, polepole, kama anayemsomesha mtoto. "Ubao wa magoti, inchi ishirini kutoka chini. Goti langu mimi, inchi ishirini. Katibu, simama hapa nikupime." Akampima. "Wewe ishirini na nusu. Haya, kosa liko wapi?"

Katibu alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu, na sura yake ilibadilika taratibu, kama enzi zile alipokuwa akiona mwanafunzi mzuri amekosea mstari wa kwanza.

"Umepima goti likiwa limesimama," akasema.

"Kwani goti linapimwaje?"

"Likiwa limepigwa, ndugu yangu."

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Mwingine hakuwahi kukohoa, akacheka.

Msomaji, wewe usimcheke upesi. Mtu ametengeneza viti miaka thelathini, na kiti hupimwa kwa goti la mtu aliyesimama. Asiyejua hilo hana haki ya kuitwa seremala. Fundi Futi alisikia neno goti, mkono ukaenda ulikozoea kwenda. Ni kweli angeweza kukijaribu kibao chake kabla ya kukileta. Lakini kukijaribu kulitaka apige magoti, na hicho ndicho kitu ambacho alikuwa ametangaza karakanani, sokoni, na hata msibani, kwamba yeye hakifanyi. "Mimi siabudu chochote," ndiyo iliyokuwa kauli yake. "Kisichopimika sikipigii magoti." Majirani walikuwa wameizoea kauli hiyo kama walivyozoea kikohozi chake.

"Jumatatu utuletee kibao kingine cha mfano," Katibu akasema. "Kikifaa, unatengeneza vyote kumi na viwili. Wiki ijayo Jumapili Askofu anakuja kuzindua kanisa, hatuwezi kumpandisha Askofu kwenye punda. Kisipofaa, ng'ambo ya barabara kuna duka. Tungeshakwenda huko zamani, ila mkeo alitusihi. Alisema, mume wangu hana mpinzani kwa mbao."

Mkewe alikuwepo. Alikuwa nyuma kabisa, ameshika fagio, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifagia kanisa na kupanga maua, na kwa hiyo aliitwa Mama Maua. Aliinamia vumbi ambalo alikuwa ameshalifagia, akalifagia tena.

*

Duka la ng'ambo ya barabara liliuza samani za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye picha ya mbao. Lilikuwa na taa nyingi na kioo kikubwa mbele. Tangu lifunguliwe, Fundi Futi hakuwa amepata kazi ya maana kwa miezi minne, na mwenye uwanja wa karakana alikuwa ameshampa hadi mwisho wa mwezi alipe kodi au ahame. Mwenye duka naye, mtu mpole tu, hana ubaya, alikuwa ameshamwahidi ajira: kufunga bawaba na kukaza skrubu, huku amevaa shati la njano lenye jina la duka mgongoni. Fundi aliwahi kuliona shati lenyewe limetundikwa, saizi yake kabisa. Hakuna kitu duniani alichokiogopa kama shati lile, na vibao kumi na viwili vya kanisa ndivyo vilivyosimama kati yake na shati lile.

Jioni hiyo walikula pamoja, yeye, mkewe, na binti yao fundi cherehani, ambaye hajaolewa na hana haraka. Vyombo vilioshwa na kurudishwa mahali pake, yaani ndani ya beseni la plastiki chini ya kitanda cha Mama Maua. Usiulize kwa nini vyombo vikae uvunguni wakati sebuleni kuna kabati. Subiri, tutafika.

Kabati lilikuwa la mvule. Fundi Futi alilitengeneza kwa mwaka mzima bila kutia msumari hata mmoja, na milango yake ilifungwa kwa usawa ulioifanya ipumue kidogo, pfu, kila inapokutana. Wageni walikalishwa walitazame. Wakishalitazama waliambiwa wafumbe macho wasikilize mlango unavyofunga. Ndani yake hamkuwa na kitu, hamjawahi kuwa na kitu, kwa maana sahani hukwaruza na vikombe huacha duara. Mwenye duka la ng'ambo alitaka kulinunua aliweke kwenye kioo chake, kwa bei ambayo ingefunga mdomo wa mwenye uwanja kwa mwaka mzima. Fundi alimjibu maneno mawili tu, kwamba kabati haliuzwi.

"Hata Sanduku la Agano liliwekwa kitu ndani," Mama Maua alimwambia siku hiyo.

Sasa akamwambia, "Mume wangu, pima upya."

"Vipimo vyangu viko sawa. Magoti yao ndiyo yenye matatizo."

"Magoti ya kamati nzima?"

"Kamati inaweza kukosea. Kwani hiyo itakuwa mara ya kwanza?"

Binti yao aliweka kikombe chini. "Baba, mimi kazi yangu kupima watu kutwa nzima. Mama apige magoti hapa, nimpime, nikupe vipimo. Dakika mbili."

"Kwa ile futi yako laini ya kushonea? Ile inarefuka kwa joto." Akatikisa kichwa. "Halafu mimi sifanyi kazi kwa kipimo cha mtu mwingine. Kipimo cha kuambiwa kimefunga karakana nyingi. Nakata kile nilichokipima, kwa futi yangu, kwa mwili wangu."

"Basi piga magoti mwenyewe," Mama Maua akasema. "Kwa mwili wako."

"Sipigi. Unajua kwamba sipigi."

"Kwa hiyo uko tayari kuvaa njano."

Hilo lilimpata. Alinyanyuka, akaenda kusimama mbele ya kabati, akafungua mlango na kuufunga. Pfu. Kisha akaenda kulala saa mbili usiku kama mgonjwa.

Wanawake wawili walibaki wakifuta meza. Mama Maua aliumia, na si kwa ajili ya karakana peke yake. Alikuwa amemwombea mtu huyu miaka ishirini na mitano, kwa kufunga na bila kufunga, na jibu pekee alilolipata mpaka sasa ni Mchungaji kuanguka.

"Mama," binti akasema kwa sauti ya chini, "kesho kutwa si Jumamosi?"

Mama Maua alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

*

Jumamosi ilikuwa na utaratibu wake. Saa mbili asubuhi, Fundi Futi alioga, akavaa shati safi. Binti alizima redio bila kuambiwa. Gunia lilikunjwa mara nne, likawekwa sakafuni mbele ya kabati. Kulikuwa na kitambaa kilichokatwa kwenye fulana ya zamani, ambacho hakikuruhusiwa kufuta kitu kingine chochote, na kichupa cha mafuta ambacho hakuna aliyekigusa ila yeye. Mtu akipiga hodi saa hiyo, binti alitoka nje kidole mdomoni, akamwambia mgeni arudi saa tatu. Majirani wote walijua: Jumamosi saa mbili pale hakuna hodi.

Na jambo la mwisho, alivua futi. Ndiyo saa pekee katika wiki alipoivua akiwa macho, maana chuma chake kingeweza kulikwaruza kabati. Aliiweka mezani, akashuka polepole kwenye gunia, goti moja, halafu la pili, akaanza kufuta kuanzia chini. Huko chini ndiko vumbi hukaa, na huwezi kufika chini ya kabati ukiwa umesimama. Alifuta huku midomo ikimchezacheza. Mimi nasimulia tu nilivyosikia. Mwenye masikio anaweza kujumlisha mwenyewe.

Alikuwa amefika droo ya pili, viwiko vimeinuka usawa wa kifua, aliposikia kitu cha baridi kikigusa kiwiko cha kulia.

"Nini hiyo?"

"Futi yako, baba," binti akasema nyuma yake.

"Unapima nini?"

"Mtu aliyepiga magoti. Tumetafuta mwingine ambaye unaamini kipimo chake, hatukumpata."

Fundi Futi aliangalia chini. Aliyaona magoti yake mawili juu ya gunia, yamekaa vizuri, yamezoea. Mafuta yalidondoka kutoka kwenye kitambaa, na hakuyafuta. Kama ardhi ingekubali kupasuka asubuhi ile, angeishukuru.

"Mimi nasafisha kabati," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hii siyo kupiga magoti. Hii ni kazi."

"Nani kasema siyo kazi?" Mama Maua alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. "Usitikisike, mume wangu. Mwache mtoto aandike."

Akili yake ilimwambia ainuke. Lakini kuinuka kwa haraka kungekuwa kukubali kwamba alikuwa amekutwa katika jambo, kwa hiyo alibaki palepale, kitambaa mkononi, shingo imekakamaa. Binti alishusha futi hadi kwenye gunia.

"Goti hadi kiwiko, inchi ishirini na nne," akasema.

Ufundi ukamshinda mwenyewe.

"Pima mara ya pili," akasema kwa hasira. "Watu hawapimi mara moja."

*

Jumatatu alipeleka kibao kipya. Ubao wa magoti ulikuwa inchi sita kutoka chini, na wa viwiko inchi thelathini. Mchungaji alikikaribia kwa tahadhari ya mtu aliyeumwa na nyoka, akapiga magoti, akaegemeza viwiko, na akakaa huko muda mrefu kuliko alivyohitaji mtu anayejaribu kibao. Alipoinuka alisema, "Kimenipokea." Katibu alizunguka kibao mara mbili akitafuta kosa. Hakulipata, akaandika barua ya kumpa kazi yote.

Wiki hiyo karakana ilisikika tena. Msumeno, randa, msasa, kuanzia alfajiri. Binti alipeleka chakula mchana akamkuta baba yake ananuka mvule na anaimba, jambo ambalo alilikanusha. Hakuna aliyetaja Jumamosi. Fundi mwenyewe alikuwa ameandika 24 kwa chaki ukutani, tarakimu tupu, ili mtu asiyejua adhani ni tarehe.

Ijumaa jioni Katibu alikuja kukagua. Alihesabu, akahesabu tena.

"Ni kumi na kimoja."

"Mbao zenu zilikuwa za vibao kumi na viwili," Fundi akasema. "Cha kwanza kilikula sehemu yake, na mbao zilizokatwa kwa kipimo kile hazirudi."

"Kile cha punda."

"Kile cha mwanzo. Sasa mbao zimeisha, na mvule mkavu wa namna hii haupatikani kabla ya Jumapili."

"Tulisema kumi na viwili. Kama mitume."

"Mitume nao si walifika mahali wakabaki kumi na mmoja?"

Katibu alivua miwani, akaifuta. Kwa mara ya kwanza alimtazama seremala huyu kwa heshima. "Ndiyo," akasema, "lakini walimtafuta wa kujaza nafasi. Na wewe mtafute, Fundi. Duka linasema linaweza kutoa kumi na viwili kesho mchana, vya karatasi, vinavyofanana vyote. Kamati imechoka. Mimi sitaki, ila nimechoka pia."

Jioni Fundi Futi alirudi nyumbani, hakunawa, hakuomba chakula. Alikaa sebuleni mbele ya kabati. Mama Maua alikuwa jikoni, na kutokea pale alipokaa aliweza kuona mgongo wa mumewe tu. Aliusikia mlango ukifunguliwa, na akangoja ile pfu ya kuufunga. Haikuja.

"Mama," Fundi akaita, bila kugeuka. "Kabati hili lina rafu tatu."

"Najua."

"Rafu moja ikitoka, ukifunga mlango, huwezi kujua."

"Mimi sijasema kitu."

"Nakuambia tu. Kwa nje litakuwa lilelile."

Aliichomoa rafu ya katikati kwa mikono miwili, taratibu, bila kugusisha pembeni. Ilikuwa laini kama siku aliyoipiga msasa, haijawahi kubebeshwa chochote. Aliishika magotini mwake muda mrefu. Alisikia huzuni ya kweli, huzuni ya kufiwa, na aliionea aibu. Hebu tuseme ukweli: Mungu alipewa kile ambacho kisingeonekana kimetoka. Lakini mtu huanza na alichonacho, na Fundi Futi alichokuwa nacho ni hicho.

*

Jumapili Askofu alikuja. Kanisa lilijaa mpaka nje. Vibao kumi na viwili vilipangwa mbele, vinang'aa, na kile kilichotoka kwenye kabati kikawekwa katikati, kwa sababu Katibu alikiona kuwa kizuri kuliko vyote na hakujua sababu.

Fundi Futi alisimama nyuma, karibu na mlango, mikono kifuani. Alikuja kuangalia kazi yake inavyobeba, alisema, si zaidi. Ulipofika wakati wa sala, kanisa zima lilishuka, mbele kwenye vibao na nyuma sakafuni, na yeye akabaki wima peke yake.

"Fundi," Katibu akamnong'oneza kutoka chini, "umesimama kama mlingoti."

"Naangalia maungio."

Askofu alipiga magoti kwenye kibao cha katikati. Alikuwa mtu mnene na kibao hakikulia. Akaegemeza viwiko, akakunjua mikono, akaanza kuomba kwa hisia, na kila alipofika penye uzito aliupiga ule ubao wa juu kwa mkono wa kulia, na kwenye mkono ule kulikuwa na pete. Pete kubwa, yenye kona. Fundi Futi aliiona ikishuka. Aliisikia. Mara ya kwanza alishika ukuta. Mara ya tatu machozi yalimtoka, yakashuka mashavuni, naye hakuyafuta kwa sababu hakuyajua.

Lakini mama mmoja wa kwaya aliyajua. Akamgusa mwenzake, mwenzake akamgusa mwingine, na Askofu alipofikia amina nusu ya kanisa ilikuwa imegeuka.

"Bwana amemgusa Fundi," mtu akasema.

"Miaka yote ile," mwingine akasema. "Mwangalieni anavyolia."

Mchungaji alimwita jina lake la utani mbele ya watu wote, akamshukuru Mungu kwa ajili ya moyo uliokuwa mgumu kama mvule. Watu walipiga makofi. Fundi Futi alifungua mdomo aeleze habari za pete, akaona nyuso zile zote zimemgeukia kwa furaha, akaufunga. Katika kanisa zima ni Mama Maua peke yake aliyejua. Alikuwa ameyafuata macho ya mumewe tangu pale yalipoanzia hadi kwenye ile pete. Aliona aibu, akataka kucheka, akataka kulia, na watu waliposema amina, naye alisema amina.

Baada ya ibada Askofu aliuliza vibao vimetengenezwa wapi. Alikuwa na makanisa mengine mawili yanayojengwa. Kufikia Jumatano mwenye uwanja wa karakana alikuwa ameacha kupita kila asubuhi, na lile shati la njano alipewa mtu mwingine, likambana kwapani.

*

Jumamosi iliyofuata, saa mbili, Fundi Futi alioga na kuvaa shati safi. Gunia lilikuwa tayari. Alifungua mlango wa kabati ili aanze, akakuta vikombe.

Sita, vya maua ya buluu, vya harusi yao. Vilikuwa vimepangwa kwenye rafu ya chini, vinatazamana, kama watu waliofika mahali na hawajui kama watafukuzwa. Wanawake wawili jikoni walikuwa wameacha hata kupumua. Fundi alivitazama. Alinyoosha mkono kukitoa kimoja, akaurudisha. Akafunga mlango, na badala ya pfu kukasikika mlio mdogo wa vikombe kugusana.

Alichukua kitambaa, kichupa cha mafuta na gunia lake, akatoka.

"Anakwenda wapi?" binti akauliza.

"Ile pete," Mama Maua akajibu. "Wiki nzima hajalala." Akachukua ndoo yake ya maua, kwa maana kesho ilikuwa Jumapili na alikuwa na kazi yake huko, akamfuata kwa mbali. Njiani alijiambia kwamba mumewe amehama kabati akahamia kibao, ameuacha mlango mmoja akaingia wa pili, na nyumba ni ileile. Maombi ya miaka ishirini na mitano yalikuwa yamefika hapo. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na ndoo ilikuwa nzito.

Kanisani hakukuwa na mtu. Fundi Futi alikunja gunia, akaliweka kwenye ubao wa magoti wa kibao cha katikati. Akavua futi, akailaza sakafuni. Akashuka, goti moja, halafu la pili, akaanza kufuta. Ile mikwaruzo mitatu ya pete haikuwa mirefu kama alivyoiona kwa macho ya Jumapili. Alitia mafuta, akasugua kwa duara, akapuliza, akasugua tena. Robo saa haikupita, mikwaruzo haikuonekana tena.

Kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kuinuka.

Viwiko vyake vilishuka vyenyewe juu ya ubao. Vilikaa vizuri kabisa, na kwa nini visikae, kipimo kilikuwa chake mwenyewe, kimepimwa mara mbili. Aliinua macho aone kilichoko mbele, kama alivyozoea kuona milango ya mvule mbele ya uso wake, na mbele hakukuwa na kitu. Kulikuwa na ukuta mtupu uliopakwa chokaa, kwa sababu hata msalaba ulikuwa bado haujaletwa. Hakukuwa na pembe ya kufuta wala droo ya kuvuta. Kitambaa kilikuwa bado mkononi, lakini hakikuwa na cha kufanya.

Alijikuna shingo. Aliona haya, haya ya mtu mzima aliyeingia hadi sebuleni kwa watu na kukaa, ndipo akakumbuka kwamba hakubisha mlangoni. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akakohoa kidogo.

"Hodi," akasema.

Mama Maua alikuwa amefika mlangoni na ndoo yake. Mdomo ulimfunguka kwa mazoea, karibu ikiwa tayari ulimini, akaimeza, maana nyumba ile haikuwa yake. Alimwona mumewe amebaki vilevile, viwiko kwenye ubao, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kama kuna watu ndani. Akaishusha ndoo chini taratibu ili isilie, akasubiri naye.